Ateri imepasuka au imechanika?

Swali: Ninaitafsiri ripoti ya siti skani ili familia ya mgonjwa iielewe. Niliandika kwamba "ateri kuu ya mapafu imepasuka", lakini daktari amelikataa neno hilo. Nimekosea wapi?

Jibu: Daktari ana haki ya kulikataa. Kitenzi "pasuka" humwambia msomaji kwamba kitu kimeachia hadi nje, kama bomba linavyopasuka maji yakamwagika, na familia ikisoma hivyo itaamini kuwa damu imekwisha kutapakaa kifuani. Ripoti inaeleza jambo jingine, ambalo kwa Kiingereza huitwa "dissection", yaani ukuta wa ateri kuchanika kwa ndani. Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Katika ugonjwa huu, ambao ni nadra na mara nyingi huwapata watu walioishi na shinikizo kubwa la damu katika ateri za mapafu, tabaka la ndani huchanika, damu ikapenya hapo na kuanza kuyabandua matabaka, ilhali la nje lingali limeshikilia.

Hapa "chanika" ndicho kitenzi kinachofaa, kwa kuwa husemwa juu ya kitu chembamba kama nguo, na "banduka" kinakamilisha maana, kwa kuwa hutumika kwa kitu kilichokuwa kimegandamana na kingine. Picha yenyewe inathibitisha hivyo: mgonjwa akishadungwa dawa ya kung'arisha mishipa, ateri huonekana nyeupe, na ndani yake hupita mstari mwembamba wa giza, ambao ndio utando uliobanduka na kuigawa njia ya damu mara mbili. Usiandike kabisa "imepasuliwa", maana aliyepasuliwa ni aliyefanyiwa operesheni.

Neno "kuu" nalo linanitia wasiwasi, kwa sababu wasomaji wengi wakisikia "ateri kuu" huelewa aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, ambao ni mwingine kabisa. Ni salama zaidi kusema "shina la ateri ya mapafu". Wala usiieleze kuwa mshipa wa damu safi, kwani ateri hii hupeleka mapafuni damu iliyopungukiwa na oksijeni.

Mimi ningeandika: "Utando wa ndani wa shina la ateri ya mapafu umechanika, na damu imepenya kati ya matabaka ya ukuta wake." Neno "pasuka" liwekee akiba. Ukuta ukiachia wote, damu ikamwagika katika mfuko unaouzunguka moyo, hapo ateri imepasuka kweli, na familia inapaswa kuelezwa kwa neno hilohilo.