Kuchora kutokana na kanga za zamani: uzoefu wangu

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mawili: utazitumiaje kanga za bibi yako kwenye picha bila kuishia kunakili mapambo ya watu, na kama ni sawa kuzikata uzibandike kwenye kanvasi. Huu ni mwaka wangu wa 12 nachora kutokana na nguo za zamani, kanga hasa, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Nianze na kukata, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilipokuwa bado najifunza nilikwenda Tanga kwa bibi mzaa mama, nikachukua kisutu chake sandukuni. Unakijua kisutu, kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikakata pindo lote kwa mkasi, nikalibandika kwa gundi ya mbao kuzunguka picha. Mwaka haukuisha, gundi ikawa njano na kukakamaa, kitambaa kikaanza kuchanika. Picha ikaharibika na kisutu hakipo tena. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na ule mji wake umeuweka wapi?" Nikampa kile kipande cha katikati kisicho na pindo. Akakikunja taratibu kama kanga nzima, akakirudisha sandukuni. Tangu siku ile sijakata kanga ya mtu. Nikihitaji kitambaa chenyewe kwenye kazi nanunua kanga mpya, au nachambua mitumba pale soko la Karume, Dar, natafuta magauni na mashuka yenye maua ambayo hayana mwenyewe wa kuyalilia.

Sasa hilo la kunakili. Kanga ina mpangilio wake: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, upande wa chini wa mji. Ukichora ua moja kutoka kwenye mji ukaliweka peke yake, umechukua pambo tu, na pambo lina mwenyewe. Mengi yalichorwa na watu ambao hatujui majina yao, Uholanzi, India, baadaye Japani, kwa maelekezo ya wafanyabiashara wa huku kwetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla", lipo tangu 1887. Kiwanda chetu cha Urafiki pale Dar kilifunguliwa 1968. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, isome kanga kwanza. Jina likiwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ujue hiyo ni ya zamani kweli, na usiiguse na mikono yenye rangi.

Halafu itazame kwa karibu, karibu kabisa. Bibi alikuwa na kanga ya korosho ambayo nimeishi nayo miezi minne mezani. Wakati wa kuichapa, wekundu ulisogea ukaachana na mstari mweusi, kwa upana wa punje ya mchele hivi. Upande mmoja wa kila korosho rangi imemwagikia nje, na upande wa pili umebaki mwezi mwembamba mweupe. Hakuna aliyeuchora mwezi ule. Ulitokea tu mashine ilipoteleza, ukajirudia kwenye kila korosho, nguo nzima. Nikachora miezi ile peke yake, nyeupe juu ya wekundu, korosho zenyewe nikaziacha. Bibi alipoiona akasema "kanga yangu hiyo" kabla sijamweleza kitu. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ninayoweza kusema ni yangu.

Jambo lingine, usiichore ikiwa imetandazwa tu. Aliyeichora alijua itavaliwa. Mwombe mama au shangazi aivae mbele yako, ajifunge moja na kujitanda ya pili, apike, ainame, abebe mtoto. Jina linakatika kwenye mikunjo. Nina picha ya shangazi yangu akichota maji, na kiunoni kwake yanasomeka "SIPATI TAMAA SI" basi. Mtu wa pwani akiiona anamalizia mwenyewe: Japo sipati tamaa sikati. Angalia pia inapochakaa. Pindo la juu, pale anapokaza kifundo, linapauka kabla ya sehemu nyingine yoyote. Mimi mpauko ule naupaka kwa rangi ya maji, tabaka nyembamba sana, kwa sababu akriliki inauua.

Ukitaka kuona njia hii inaweza kufika wapi, mtafute msanii Lubaina Himid. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ana picha alizozipanga kama kanga, na maneno yake humo humo. Inayonigusa zaidi ni kazi yake ya 2004 yenye sanamu bapa 100 za ukubwa wa mtu, Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya Ulaya, wamevaa mavazi ya rangi kali. Mgongoni kila mmoja ana maandishi, jina lake mwenyewe na lile alilopachikwa. Nilipoyaona mgongoni pale nilikumbuka kanga papo hapo.

Utunzaji nitaupitia haraka. Usifue kabla ya kujaribu: lowesha kitambaa cheupe, kandamiza kwenye kona ya kanga, na rangi ikihamia acha kabisa. Isipohamia, maji baridi na sabuni laini, uanike kivulini. Kisha usiikunje, izungushe kwenye bomba la kadibodi lililovishwa shuka safi, maana kanga kuukuu huanza kukatika kwenye mkunjo. Na picha ya kufanyia kazi ipige mchana dirishani, bila taa.

La mwisho, umesema unaona haya kumwomba bibi afungue sanduku. Usiende mikono mitupu. Mpelekee doti mpya, na usome jina lake kabla hujalipa, kwa sababu yeye atalisoma kabla hajakukaribisha kukaa. Mimi nilipeleka yenye neno la kuomba radhi.