Mwachieni mwenyekiti kiti chake: majibu kwa wanaolea mabaraza ya wanafunzi

Tangu shule zifunguliwe, maswali mengi ninayoulizwa yanahusu mabaraza ya wanafunzi wa darasa la 6 hadi kidato cha 2, umri ambao mtoto bado anamwogopa mwalimu lakini ameshaanza kuwa na yake kichwani. Nimekuwa mlezi wa baraza kwa miaka kadhaa. Najibu kwa niliyoyaona.

Baraza letu hukutana mara moja kwa muhula. Mwalimu wa nidhamu anasoma matangazo, watoto wako kimya, kikao kinafungwa. Nifanyeje waseme? (Mwalimu mlezi, Morogoro)

Mwalimu mwenzangu, hawasemi kwa sababu hakuna wanachoamua. Hiyo ni paredi ya asubuhi, ila wamekalishwa. Wapelekee jambo moja dogo lakini la kweli, ambalo likiamuliwa leo, wiki ijayo kila mtu ataliona kwa macho.

Kwetu tulianza na mchicha. Bustani ya wanafunzi ilituingizia shilingi 46,000, na moyoni nilitaka zinunuliwe ndoo za kunawia mikono. Nilikaa nyuma ya darasa, mdomo nimeufunga. Kijana wa darasa la 7 akasimama: "Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba fedha hizi zinunue mpira." Wavulana wakapiga madawati. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, ikanyooshwa mikono zaidi ya kumi. Niliona yamekwisha. Ndipo msichana wa darasa la 6, ambaye tangu baraza lianze sikuwahi kumsikia akisema, akanyoosha kidole. "Naomba marekebisho. Badala ya neno 'mpira' iandikwe 'mpira mmoja wa miguu na mmoja wa pete'."

Mwenyekiti akanigeukia. Nikatazama dirishani. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa utaratibu, kisha akasema, "Tunaanza na marekebisho." Waliohesabiwa kuyaafiki walikuwa wengi. Halafu akaihoji hoja nzima kama ilivyorekebishwa, ikapita. Mipira miwili ilinunuliwa Jumamosi ile ile, ndoo zikasubiri mavuno yaliyofuata.

Utaratibu wenyewe ndio huo: mtu anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, inajadiliwa, marekebisho yakiwapo yanaamuliwa kwanza, kisha hoja. Ukiruka hatua, mtoto anapiga kura asijue anapigia nini. Nyongeza moja tu. Bungeni, Spika huwahoji wabunge, wanaoafiki wakasema "ndiyo" na wasioafiki wakasema "siyo". Kwa watoto usitegemee sauti, kwa sababu wavulana wa darasa la 7 wakiamua kupaza, wadogo hawasikiki. Hesabu mikono. Jambo likiwa la kumtaja mtu, kura iwe ya karatasi.

Nimechaguliwa mwenyekiti. Wakianza kubishana wote kwa pamoja nifanyeje? Naogopa. (Mwanafunzi wa kidato cha 1, Tanga)

Mwanangu, hofu hiyo imewapata wakubwa kuliko wewe. Mwaka 1863, katika mji wa New Bedford, Marekani, mhandisi wa jeshi aitwaye Henry Martyn Robert aliombwa kuongoza mkutano wa kanisani. Hakujua aanzie wapi, na mkutano ukamshinda. Aliona aibu, akaazimu asiongoze tena mkutano kabla hajajifunza namna yake. Mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni za mikutano, na hadi leo vyama vingi vya nchi hiyo vinaendeshwa kwa kanuni hizo. Yeye alikuwa askari mtu mzima. Wewe una miaka 14.

Kaa na kalamu na karatasi. Kila anayenyoosha mkono, andika jina lake kwa zamu, kisha utangaze: "Anayesema ni fulani, anayefuata ni fulani." Mtu akijua zamu yake inakuja, hana haja ya kupiga kelele. Aliyekwisha kusema asirudie kabla ya wale ambao hawajasema. Wakitoka nje ya mada, sema, "Turudi kwenye hoja." Kelele zikizidi, simama, nyamaza, uwatazame. Usigombe, maana ukigomba na wewe umekuwa mmoja wa wanaobishana.

Na ukiwa na jambo unalolitaka sana wewe mwenyewe, mwachie makamu kiti mpaka liamuliwe, ukaombe nafasi ya kusema kama wajumbe wengine.

Mimi ni katibu. Naandika mpaka mkono unauma, lakini mwalimu anasema muhtasari wangu haufai. (Darasa la 7, Mwanza)

Unaandika maneno ya watu. Andika maamuzi. Juu weka tarehe, mahali, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa na wasiohudhuria bila taarifa. Kisha ajenda moja moja. Badala ya kuandika "wajumbe walizungumza kwa uchungu kuhusu vyoo na mwenyekiti akawatuliza", andika hivi:

"Ajenda ya 3: Milango ya vyoo vya wasichana. Iliazimiwa kuwa katibu amwandikie mwalimu mkuu kuomba komeo 4. Barua ifike kabla ya Ijumaa."

Mstari huo una jambo, mtu na siku. Atakayekuja mwakani akiusoma, ataelewa bila kumuuliza yeyote.

Hapa niwaombe na walimu: msiifute ajenda ya yatokanayo, yaani kuulizana yaliyoazimiwa kikao kilichopita yamefikia wapi, ili kuokoa muda. Nimeona vikao vingi vikikimbilia mengineyo na kufungwa kwa makofi, bila mtu kuulizwa habari ya kikao kilichopita. Kwenye yatokanayo ndipo mtoto anaposimama mbele ya wenzake kusema, "Barua niliandika, sijaipeleka." Anapata joto usoni. Hakuna anayemchapa wala kumzomea, mwenyekiti anampa tarehe mpya tu. Nimeshuhudia katibu mmoja wa namna hiyo akitoka kikaoni moja kwa moja hadi ofisi ya mwalimu mkuu, barua mkononi, hata kabla ya chakula cha mchana.

Akidi yetu iwe wangapi? (Mwalimu, Dodoma)

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kifanyike, nusu ya wajumbe wote yatosha. Ndicho kiwango cha Bunge la Tanzania. Kenya wameweka idadi kamili katika Katiba yao: wabunge 50 kwa Bunge la Taifa na maseneta 15 kwa Seneti. Kubwa ni kuihesabu kabla ya kikao kufunguliwa, na isipotimia, watoto waahirishe kweli. Wakiahirisha mara moja, utaona watakavyofuatana safari ya pili.

Shule yetu inataka vikao vya baraza viwe kwa Kiingereza ili wanafunzi wajizoeze. Wanaosema ni watatu tu. (Mwalimu wa gredi ya 8, Kenya)

Basi shule imewachagulia viongozi hao watatu. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza la "bawaba" hawezi wakati huo huo kutetea mlango wa choo. Nenda kwa mkuu wa shule na Katiba ya Kenya mkononi, ibara ya 120: lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na shughuli zinaweza kuendeshwa kwa lugha hizo. Kama mbunge ameruhusiwa, wa gredi ya 8 azuiwe kwa lipi? Kiingereza kina vipindi vyake na klabu ya mdahalo. Kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili mtazifundisha tu katika insha, na watoto watakuwa wameshaziishi. Na kama shuleni mna mwanafunzi kiziwi, mkalimani wake akae anapoonekana, na msemaji asubiri tafsiri imalizike kabla ya mwingine kupewa nafasi.

Je, wakiamua jambo lisilowezekana, kama kutovaa sare Ijumaa? (Mwalimu mkuu, Iringa)

Mheshimiwa, waambie mipaka kabla ya kikao: haya mnaamua, haya mnashauri tu. Sare iwe ya kushauri. Wakishauri, uwajibu kwa maandishi ndani ya wiki moja, na sababu uitaje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Haikulazimishi kukubali kila wanachoomba. Ila ukinyamaza, umewafundisha kwamba baraza ni mchezo, na mwakani watakaogombea ni wale wanaotaka cheo tu.

Binti yangu alichaguliwa kiranja kwa kura nyingi. Sasa analia kila jioni, anataka kujiuzulu. Rafiki zake wamemtenga kwa kuwa anaandika majina ya wapiga kelele. (Mama, Ubungo)

Mama yangu, pole, na umpe pole binti. Hakukosea yeye. Tuliosoma zamani tunaikumbuka ile karatasi: majina kwa kalamu nyekundu, mengine yamewekewa alama ya "zaidi", na mwenye karatasi anasindikizwa na macho hadi nyumbani. Wenzake walimpa kura awasemee kwa walimu, shule ikamgeuza askari wa kuwakamata. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuzibeba kazi hizo mbili kwa pamoja, na mimi naamini hapaswi kuombwa. Kutunza utulivu darasani ni kazi ya mwalimu.

Asijiuzulu kwanza. Nenda umwone mwalimu wa darasa, wewe mwenyewe, kwa upole, bila kumtanguliza mtoto. Omba karatasi ya majina iondolewe mikononi mwake, na badala yake apewe dakika 20 kila Ijumaa za kuongoza kikao cha darasa, ajenda moja au mbili: nani afute ubao, dawati bovu litengenezwe na nani, kelele zinaanza saa ngapi na kwa nini. Darasa moja la kwetu liligundua hivyo kwamba kelele zao zote zilikuwa za dakika 10 za kusubiri mwalimu atoke jengo jingine. Wakaazimia kusomeana hadithi kwa zamu.

Mwalimu akikataa, mwache binti aamue. Akiamua kujiuzulu, akae na wewe mezani aandike barua fupi ya heshima kwa darasa lililomchagua, aisome mwenyewe kwa sauti, na umsindikize shuleni siku hiyo.