Sikumbuki raundi yangu ya mwisho ya gofu

Umeuliza kama uuze fimbo zako, kwa kuwa mwaka mzima umepita bila kucheza, mgongo unauma na watoto bado ni wadogo. Mimi nilicheza gofu kwa miaka 17, na sasa ni mwaka wa 6 tangu nimalize raundi ya mashimo 18, ingawa siwezi kukutajia siku yenyewe, kwa sababu siku hiyo sikujua kwamba ilikuwa ya mwisho.

Kwangu muda ulipungua kabla ya mwili. Raundi kamili huchukua saa 4 hadi 5, na ukijumlisha safari, kunyoosha viungo na maongezi ya baadaye, siku imekwisha. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, kila Jumamosi niliyokwenda uwanjani ilikuwa ya kukopa kwa mke wangu, ambaye hakuwahi kulalamika, na kutolalamika kwake kulinifanya nijione mdeni zaidi. Nikawa nacheza huku nikitazama saa, na gofu haichezeki hivyo, kwani mkwaju wa haraka huishia vichakani na kuutafuta mpira hukumalizia muda uleule uliokuwa ukiubana. (Kanuni zilipopunguza muda wa kuutafuta kutoka dakika 5 hadi 3 mwaka 2019, wenzangu walinung'unika, mimi nilifurahi kimoyomoyo.)

Kisha ikaja zamu ya goti na mgongo. Napiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo goti la kushoto ndilo linalopokea uzito na msokoto fimbo inaposhuka, nalo likaanza kuvimba kila baada ya raundi. Kuhusu mgongo, mtaalamu wa viungo alinieleza kwamba nyonga zilizokakamaa kwa kukaa kitini mchana kutwa huusukumia mgongo wa chini kazi ya kuzunguka, ambayo haukuumbiwa kuifanya kwa kiasi hicho. Marafiki walinitajia Tiger Woods, bingwa wa gofu aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo mwaka 2017 na kushinda shindano kubwa la Masters mwaka 2019. Nilikubali kwamba ni jambo la ajabu, lakini Woods alikuwa akirudi kazini kwake, ilhali mimi kazi yangu ndiyo iliyokuwa imenikakamaza nyonga.

Nilijaribu kucheza mashimo 9 tu, kuanzia kwenye tii za mbele (sehemu za kupigia mkwaju wa kwanza zilizo karibu zaidi na shimo), na kutumia fimbo zenye mipini ya grafaiti badala ya chuma ili mtikisiko usifike kwenye kiwiko. Yote matatu yalisaidia, na ningekushauri uyajaribu kabla ya kuamua lolote. Hata hivyo hayakunirudisha uwanjani, na ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba kizuizi kilikuwa ile namba yangu.

Namba hiyo ni handikapu, kipimo cha uwezo wa mchezaji ambacho kikiwa kidogo ndivyo mchezaji alivyo bora. Kwa mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, na matokeo hayo hayafutiki kwa kuwa ya zamani; hubaki mpaka mapya yayasukume nje. Kwa kuwa nilikuwa sichezi, yangu ilibaki palepale kwenye 11 huku goti, nyonga na macho vikiendelea na safari yao. Kila niliposimama kupiga mkwaju wa kwanza, nilikuwa nashindana na yule mimi wa zamani, mwenye handikapu ya 11, ambaye hakuwepo tena, na kwenye mashimo ambayo yeye alifika kwenye griini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwa mikwaju 2, mimi nilihitaji 3. Ningekubali kuandikisha raundi mbovu kadhaa, namba ingepanda na ningeweza tena kushindana kwa haki na yeyote, maana hiyo ndiyo kazi ya handikapu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nalinda namba kuliko mchezo, na sababu za kutokwenda zikawa hazikosekani: mvua, mtoto ana homa, goti. Wenzangu watatu walinisubiri kwa muda, kisha wakapata mtu wa nne, na sikuwalaumu hata kidogo.

Kwa hiyo nakuuliza, mgongo ukipona kesho, je, ungefurahi kucheza vibaya kwa msimu mzima? Kama jibu ni ndiyo, usiuze kitu, kwa kuwa watoto hukua na Jumamosi hurudi. Kama unasita, punguza. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 mfukoni. Mimi niliuza 11 nikabaki na 3, yaani ya chuma namba 7, moja ya kurushia mpira kwa karibu, na ya kusukumia mpira shimoni. Jioni nyingine naenda na binti yangu kwenye griini ya mazoezi tukasukuma mipira kwa nusu saa, bila kuandika matokeo, na miezi mingine siendi kabisa. Ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, niliyokuwa naringa nayo kuliko zote, ndiyo iliyotangulia kuuzwa.