Filta mpya, oili inachuruzika

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Hilux ya dizeli, nabebea viazi kutoka shambani kwenda sokoni hapa Makambako. Juzi nimebadilisha oili na filta mwenyewe nyumbani. Filta ya zamani iligoma kabisa, jirani akanisaidia kuitoboa kwa bisibisi tukaizungusha. Mpya nimeikaza kwa spana mpaka ikagota. Sasa nikiwasha gari, oili inachuruzika pale pale kwenye filta, na nikikanyaga mafuta inazidi. Nimekaza tena, wapi. Jirani anasema nimeuziwa filta feki, na kwamba hata hivyo sikuwa na haja ya kuibadilisha, eti filta hubadilishwa kila sevisi ya pili. Nifanyeje? – Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza usiiwashe tena hiyo gari, hata kwa kuisogeza tu hapo uani. Oili hupita kwenye filta ikiwa inasukumwa na pampu, kwa hiyo panapovuja sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inaweza kukauka upesi sana. Beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zikikosa oili, bei ya filta utaisahau, utakuwa unazungumzia injini.

Feki zipo nyingi, lakini kwa ulivyoeleza naishuku zaidi ringi ya mpira. Filta ya zamani ilipotoka, inaelekea ringi yake ilibaki imeganda juu kwenye kitako, pale filta inapokaa. Nawe ukafunga mpya yenye ringi yake. Mpira juu ya mpira haushiki: presha ikipanda, mmoja unateleza na kuchomoka pembeni. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta inazidi, na ndiyo maana kukaza hakusaidii.

Weka beseni chini, fungua hiyo mpya, kisha futa kitako kwa kitambaa kikavu. Usiamini macho. Ringi iliyokaa muda mrefu kwenye joto huwa nyeusi, bapa na ngumu, ukaidhania sehemu ya chuma. Pitisha ukucha kuzunguka kitako chote. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, ndiyo hiyo. Ibandue kwa kipande cha mti au plastiki. Bisibisi itachimba chuma, na hapo patavuja milele. Ukikuta kitako ni safi, linganisha filta hizo mbili: upana wa ringi na nyuzi za tundu la katikati. Filta zinaweza kufanana kwa nje na zisioane.

Uliyoikaza kwa spana usiirudishe, ringi yake imeshaminywa vibaya. Nunua nyingine. Ipake ringi oili safi kwa kidole, ifunge kwa mkono mpaka uhisi mpira umegusa kitako. Hapo chora alama kwa kalamu ubavuni mwa filta, kisha izungushe robo tatu ya mzunguko, kwa mkono huo huo. Basi. Kama maelekezo kwenye boksi lake yanasema tofauti, fuata hayo.

Mambo ya bisibisi muachie jirani. Bati la filta ni jembamba. Likichanika, kinabaki kitako chake tu na huna pa kushika. Siku nyingine, injini ikiwa vuguvugu, izungushie filta msasa, upande wa mchanga uelekee ndani, uizungushe kwa mikono miwili. Ikikataa, tafuta spana ya mnyororo, uibane karibu na kitako.

Na hilo la sevisi ya pili, hapana. Dizeli hutoa masizi mengi. Filta ikiziba, vali yake ya ndani hufunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, ili injini isikose kabisa. Oili na filta vitoke pamoja; kwa barabara za vumbi za shambani, kilomita 5,000 zinatosha.

Kujaza: injini ya ukubwa wa lita 2.5 hunywa oili karibu lita 7 ukibadilisha na filta. Wewe hukumwaga yote, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo ukipima kwa dipstiki. Washa, iache silensa, yaani ingurume yenyewe polepole, mpaka taa ya oili izime. Usikanyage mafuta kabla ya hapo, hasa kama ina turbo. Zima, subiri dakika kadhaa, upime tena na umulike kitako kwa tochi. Oili ikiwa nyeusi mapema usishtuke, dizeli ndivyo ilivyo.

Hilux iko juu, unaweza kuingia chini bila kuinyanyua. Ukilazimika kuinyanyua, weka stendi za chuma. Jeki peke yake huteleza, tofali hupasuka, na nakuomba sana usiweke kifua chako chini ya kimojawapo.

Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na kisima. Geuza filta ya zamani kichwa chini ichuruzike usiku kucha, kusanya yote kwenye dumu lenye mfuniko, uulize gereji za mjini ni ipi inayopokea.