Nyumba inayouzwa "kama ilivyo"

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uichukue ile nyumba ya marehemu huko Tabata, ambayo watoto wake wanaiuza "kama ilivyo" kwa bei iliyo chini ya nyumba za jirani. Sisemi uiache. Nyumba chakavu imewapa wengi pa kuanzia. Ila wauzaji wanakwepa gharama za ukarabati, na punguzo hilo ni malipo yako ya kuzibeba. Zikizidi punguzo, bei si rahisi tena.

Kwa hiyo usiende na dalali peke yake. Nenda na fundi wako, asiyejuana naye. Aanze chini ya kuta. Mkikuta rangi mpya imeishia usawa wa kiuno, akwaruze kwa ufunguo. Ukidondoka unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, na kupaka rangi tena hakutaizuia. Nyufa nyembamba za plasta zisikutishe. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha ukashuka mshazari, na ukauona pia upande wa pili wa ukuta. Apande na darini akague mbao. Kisha uwaulize wapangaji wa siku nyingi pale jirani, masika maji hufika wapi. Bonde la Msimbazi haliko mbali na huko, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hapo hata fundi hodari hana la kukusaidia.

Karatasi ndizo zinazoninyima usingizi. "Kama ilivyo" ikubali kwenye matofali na bati tu. Dai kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi uliotolewa na mahakama. Mtoto wa kwanza si msimamizi kwa sababu tu ni wa kwanza. Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama haijawekwa rehani benki. Angalia na mita ya LUKU, maana tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na mita iliyokaa muda mrefu bila kununuliwa umeme hulimbikiza deni.

Umeuliza pia kama utaweza kuwashtaki wakikuficha ubovu. Sheria ya Mikataba inakulinda ukidanganywa, au ubovu ukifunikwa makusudi. Lakini wakinyamaza tu kuhusu jambo ambalo ungeligundua kwa uangalifu wa kawaida, ni vigumu sana kupata haki. Ndiyo maana namng'ang'ania fundi. Kasoro zote mtakazoziona ziandikwe kwenye mkataba, nao watamke humo humo kwamba nyumba haina deni wala kesi.

Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kwanza. Makadirio ya fundi yakiwa tayari nitumie, tuyapitie wote kabla hujawatajia bei.

Mama yako