Muulize Shangazi: Mafuta ya nazi yakiganda, ujue umefika Mtae

Barua za mwezi huu zimepanda mlima zenyewe. Nne kati ya zilizonifikia hapa Ngamiani zinauliza habari za Usambara, na mhariri anajua kwamba mtu akinitajia huko sinyamazi. Nimezaliwa Mtae, kijiji cha huko juu milimani, nimeolewa Tanga mjini, na maisha yangu yote ya sokoni nimeuza mboga za huko huko nilikotoka. Leo nimempa mwalimu nafasi kubwa, wengine mtanivumilia.

Shangazi, shikamoo. Nimepata ajira ya ualimu katika shule ya msingi huko juu, karibu na Mtae. Mimi ni mtoto wa pwani, sijawahi kupanda mlima wowote. Mama analia kama napelekwa vitani. Niambie ukweli: nitafikaje, baridi ikoje, watu wakoje, nibebe nini? – Mwalimu Mpya, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie mama afute machozi, hutoki hata nje ya mkoa. Kabichi aliyokaanga juzi iliteremka kwa njia ile ile utakayopandia wewe.

Panda basi la Lushoto pale Kange, la asubuhi. Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo joto ni lile lile la nyumbani na mkonge ni ule ule. Mombo ndipo barabara inapoaga tambarare. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, ila ni 33 za kona, huku mwamba, huku korongo, na katikati unapita Soni na maporomoko yake. Kama tumbo lako ni jepesi, usile chipsi Mombo. Nalisema hili kwa uchungu, gauni langu la Idi mwaka mmoja liliishia kwenye kona ya tatu.

Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Watu wengi wa mjini wakifika hapo, wakaona maua na hewa baridi, wanadhani mlima umekwisha. Bado, mwanangu. Mbele yako kuna zaidi ya kilomita 50. Utapita msitu wa Magamba, na ukiwa na bahati utawaona mbega wenye joho jeupe mgongoni wakiruka juu ya barabara. Utapita Lukozi, ambako malori yanapakia mboga hadi usiku. Utapita maeneo ya Shume, kwenye miti ya mwangati ambayo kampuni moja ya Kijerumani iliikata, ikateremsha magogo kwa waya wa angani hadi Mkumbara kwenye reli. Basi la Mtae nalo lina tabia zake: alfajiri na giza lake linateremka, mchana linapanda. Ukilikosa hilo la mchana, tafuta pa kulala Lushoto na usibishane na mtu.

Na jirani ya Mtae kuna kijiji kinaitwa Mambo. Ndiyo, Mambo. Ukimpigia simu rafiki yako wa Chumbageni ukamwambia "niko Mambo", atakujibu "poa".

Sasa Mtae yenyewe. Imekaa juu ya mgongo wa mlima kama kunguru juu ya paa. Nyumba zinafuata ukingo, na nyuma ya baadhi ya nyumba hakuna uwanja, ardhi imekwisha. Ukisimama hapo unaitazama nyika ya Mkomazi kwa chini kabisa, miti kama mbegu za ufuta. Ng'ambo, upande wa machweo, ni milima ya Upare. Kaskazini ni Kenya. Asubuhi ambayo mvua ya usiku imeosha anga, Kilimanjaro nao hujitokeza, dakika chache tu, halafu unajifunika. Utotoni tulikuwa tukiona vumbi la gari kule chini, upande wa Mnazi, tunabishana ni gari la nani. Mpaka lipande kwetu, kijiji kizima kimeshajua nani anakuja, na wengine wameshajua anakuja kwa nini. Ndivyo utakavyopokewa na wewe. Usishangae ukikuta watoto wanakujua jina.

Sisi Wasambaa tuna maneno mawili ya kuigawa dunia. Huko juu kwenye ukungu na migomba ni shambaai. Kule chini kwenye joto, homa na nyati ni nyika. Nyumbani ni shambaai, ila mtu mwenye akili halitegemei eneo moja. Marehemu mama yangu alikuwa na maharage juu na mahindi chini. Mvua ya juu ikigoma, ya chini inaweza kumsitiri. Aliteremka na jembe alfajiri, akapanda jioni na mzigo wa kuni kichwani, na magoti yake yakamlipa deni hilo uzeeni. Kwa hiyo ukiona kijiji kiko pembezoni kabisa, usidhani watu walikimbilia huko kwa kukosa pa kukaa. Ukingoni ndipo mtu anaposhika nchi mbili kwa mkono mmoja.

Baridi. Hapa sikufichi. Juni mpaka Agosti utalala na soksi. Chukua chupa yako ya mafuta ya nazi, hiyo unayojipaka kila siku inayomwagika kama maji hapa Tanga. Siku ya kwanza huko utaitikisa, haitoki kitu. Imeganda, nyeupe kama mshumaa. Usiitupe ukadhani umeuziwa feki, kama alivyofanya wifi yangu. Iweke juani au kifuani kwa dakika kumi, itarudi. Nguo ndizo mtihani mkubwa kuliko hata kulala. Ukungu unaingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi, na sare uliyofua Jumamosi, Jumatatu bado mbichi. Mama alikuwa anazitandaza zetu juu ya kamba jikoni, juu ya moshi wa mafiga. Nilipokuja Tanga kusoma, msichana mmoja darasani aliniambia nanuka kama samaki wa kubanika. Nililia siku ile. Leo nikifungua sanduku la mama nikasikia harufu hiyo, silii kwa sababu ile tena.

Basi beba sweta mbili, blanketi zito, na gambuti, kwa sababu udongo wetu mwekundu wakati wa masika unavua watu viatu. Chakula utapata: makande, ndizi mbichi kwa maharage, viazi, maziwa, na msimu ukifika plamu na mapeasi mpaka uchoke. Utakachokosa ni samaki mbichi na nazi. Bada, ugali wetu wa muhogo, sahau. Mwalimu wa pwani akija na nazi kumi kwenye mfuko, akampa mama mwenye nyumba mbili na jirani moja, kaanza vizuri.

Lakini kikubwa kuliko sweta ni salamu. Asubuhi sema "onga maundo", mchana "onga mshi", nawe ukisalimiwa jibu "niwedi". Matamshi yako yatawachekesha, waache wacheke. Simama unaposalimia. Usisalimie huku unatembea kama tunavyofanya mjini, huko ni sawa na kumpa mtu mgongo. Utakuta nyumba moja baba Muislamu, shemeji Mlutheri, na sherehe zote mbili zinapikwa sufuria moja. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, na mashekhe walishapanda kutoka pwani kwa njia za biashara, kwa hiyo jambo hilo hakuna anayeliona geni.

La mwisho: mshahara wa kwanza wa mwalimu mpya huchelewa. Mpwa wangu alikaa miezi bila senti, akalishwa na kijiji. Beba akiba kidogo, na ukilishwa, shika jembe Jumamosi moja ukawasaidie.

Shangazi, babu yangu anasema mfalme wa Wasambaa alikuwa anaweza kuzuia mvua. Rafiki zangu wananicheka. Ni kweli? – Kidato cha Tatu, Muheza

Babu yako hakudanganyi, anakuambia watu walivyoamini. Mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, waliowatawala Wasambaa, ni Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Simulizi zinasema aliua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama bure, akaamua magomvi ya watu, kisha akaua simba. Wakamtawaza huko Vuga, makao ya utawala, na watawala wa baada yake wakaitwa Simba Mwene. Mtawala mashuhuri kuliko wote wa ukoo huo ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Krapf, yule mmisionari wa Kijerumani, alimfuata Vuga mwaka 1848, na wakati huo amri ya Kimweri ilifika mpaka pwani.

Kuhusu mvua, wazee wetu walisema hivi: mwenye nguvu mmoja akitawala, anaiponya nchi, na kwa Kishambaa hilo ni kuzifya shi. Wakishindana wawili, nguvu kwa nguvu, mvua inakatika na njaa inaingia. Na kweli Kimweri alipokufa wanawe na wajukuu waligombana, vita vikafuata, watu wakauzwa utumwani, mashamba yakaachwa. Sasa niambie, mahali hapo njaa ililetwa na mbingu au na wanadamu? Mimi naona wazee waliijua siasa yao vizuri sana.

Ila wewe ni wa Muheza. Ukimuuliza bibi wa Kibondei atakuambia habari za Kiva, jinsi Wabondei walivyowatimua Wakilindi. Usimtaje Simba Mwene kabla hujala chakula chake.

Mimi ni mstaafu wa bandarini. Nataka kununua ekari tano za pamoja karibu na Mtae nilime viazi mviringo na matunda. Bei zikoje? – Baba Watoto, Raskazone

Kaka yangu, pesa weka mfukoni kwanza. Ekari tano za pamoja huko ni kama kumtafuta papa kisimani. Mashamba yamerithiwa na kugawanywa mpaka mtu ana kipande cha bondeni penye maji, kipande cha mgongoni, na kingine nyika, vyote vikiwa vimemtenganisha na jirani kwa mti mmoja wa mpaka unaojulikana na bibi wa miaka themanini. Ukinunua bila kuketi na huyo bibi, umenunua kesi.

Na mteremko uuheshimu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya mkoloni iliona udongo unateremka na mvua, ikaanzisha mpango wake Mlalo mwaka 1946, ikawalazimisha watu kulima matuta. Watu walikataa. Kazi ilikuwa ngumu, waliobeba zigo hilo wengi walikuwa wanawake, na hakuna aliyewauliza kitu. Marehemu baba alikuwa akilitamka neno "matuta" kama anatema mchanga. Kichekesho ni kwamba miaka ya 1980 wataalamu walirudi na makinga maji yaliyopandwa majani ya guatemala, na watu wakayapokea, kwa sababu majani hayo ni chakula cha ng'ombe na ng'ombe wa zizini ana maziwa. Udongo ni ule ule, mteremko ni ule ule.

Ushauri wangu: kodi kipande kidogo msimu mmoja, lala huko, shika jembe mwenyewe. Ukirudi Raskazone bado unataka ekari tano, niandikie tena.

Kwa nini kabichi hupanda bei kila masika wakati ndipo mvua ipo? – Mama Lishe, Mikanjuni

Kwa sababu mvua hiyo hiyo inayoikuza ndiyo inayoifungia njia. Udongo unaporomoka barabarani, lori linakwama, kabichi zinapata joto zikiwa zimebanana, majani ya nje yanaoza. Mzigo ukifika Tanga, muuzaji anamenya majani mawili matatu, kabichi inabaki kama ngumi, na hasara ya yaliyomenywa unalipa wewe. Nilifanya hivyo hivyo miaka yote, sitakudanganya. Mvua zikizidi, pika mchicha.

Mwalimu, nimekumbuka. Kabla hujakwenda Kange, pita kwangu. Mhariri atakuelekeza nyumba. Nina nazi sita na pakiti ya dagaa za dada yangu, na yeye anakaa nyumba ya tatu kutoka mwisho wa basi. Hutahitaji kumtafuta, atakuwa ameshaliona vumbi lenu.