Mama mchungaji, uliza mapema hiyo nyumba ni ya nani

Bwana asifiwe wapendwa. Hii naandika kwa ajili ya wadada ambao waume zao wamewekewa mikono ya uchungaji juzi juzi, maana wengine wananitumia meseji usiku wanauliza mama, hivi nitaweza kweli? Utaweza mwanangu. Mimi niliingia nyumba ya kanisa nikiwa bi harusi, nikazalia humo, nikalea humo, tumehamishwa usharika huu kwenda ule mpaka watoto wakawa mafundi wa kufunga maboksi, na leo mzee amestaafu na wajukuu wanakimbizana sebuleni kwenye nyumba yetu wenyewe. Hilo la nyumba ndo hasa lililonifanya niandike ila nitafika tu.

Kazi yenyewe kwanza. Hakuna atakayekupa barua wala mshahara, ila jumapili moja tu usipoonekana kanisa zima litauliza mama yuko wapi. Jumamosi jioni umekaa unaosha vile vikombe vidogo vya meza ya Bwana, kimoja kimoja, unavipanguza mpaka hakuna alama ya kidole, vitambaa vya madhabahuni umeshapiga pasi, mara unasikia hodi. Mama wa watu kasimama mlangoni, mtoto kamlalia mgongoni, anasema nimepita tu kumsalimia mchungaji, na ukimtazama machoni unaona kabisa kilichomleta siyo salamu. Basi vikombe unaviacha hapo hapo unakaa naye. Sehemu hii ya huduma naipenda mpaka kesho. Lakini atakachokwambia kifie hapo hapo, usikipeleke kwenye kikundi cha akina mama eti ni ombi la maombi na jina umelificha, watu wanajua kujumlisha na kabla ya ibada ya pili mwenye habari yake atakuwa ameshajulikana. Ukielemewa tafuta mama mchungaji mwenzio wa mbali, asiyemjua mshirika wako hata mmoja, huko ndo ukatue.

Watoto nao. Watu wa kanisa watataka wanao wawe malaika, na watakuletea taarifa zao bila kuombwa. Mimi nilikuwa nasikiliza, nashukuru, alafu naenda kumuuliza mtoto mwenyewe tukiwa wawili. Na sikumkanya hata mmoja kwa kumwambia "utamwaibisha baba yako", kwa sababu mtoto akilishwa hayo kila siku, akikua hatamkasirikia baba, atalikasirikia kanisa. Nilikuwa nimesoma habari za Susanna Wesley wa Epworth kule Uingereza, mama yao John na Charles, wale ndugu ambao Umethodisti ulianzia kwao. Mumewe mchungaji, madeni juu ya madeni, nyumba ikaungua mwaka 1709, watoto alizaa 19 na karibu nusu walikufa wangali wachanga, na katikati ya yote hayo alipanga jioni za wiki akazigawa kwa watoto akae nao kwa zamu, alhamisi ya John, jumamosi ya Charles. Nikasema kama huyu aliweza na mimi nitajaribu, na wanangu hata sasa wana familia zao kila mmoja ana siku yake ya kunipigia.

Sasa nyumba. Huyo huyo Susanna mumewe alipofariki mwaka 1735 ilibidi atoke kwenye nyumba ya mchungaji, maana ilikuwa ya mchungaji anayekuja, na miaka yake iliyobaki akawa anakaa kwa watoto wake. Katharina von Bora naye, mke wa Martin Luther yule ambaye Ulutheri ulianzia kwake, mwanamke aliyeendesha nyumba iliyojaa wanafunzi na wageni pale Wittenberg, Saxony, kule Ujerumani, akalima, akafuga, akahesabu kila senti, mumewe alimwandikia wosia mwaka 1542, lakini alipokufa mwaka 1546 wosia ule ukaleta utata kwa vile haukufuata taratibu za sheria za Saxony, mjane akaanza kuhangaika. Na kwenye Biblia fungua 2 Wafalme 4 usome mwenyewe, mjane wa mtumishi wa Mungu, mume alimcha Bwana, kaacha deni, mdai anakuja kuchukua wana wawili wawe watumwa. Sasa mtu asikwambie kuuliza haya ni kukosa imani, ni mambo yaliyomo kwenye Maandiko kabisa.

Mzee wangu nilipomgusia mara ya kwanza alinyamaza. Nikamwacha. Baada ya muda tulizika mchungaji mwenzake, na mjane akatakiwa kupisha nyumba kabla hata wageni wa msiba hawajaisha, kwakweli iliniuma mno mpaka leo, mwanamke amewapikia watu wale na kuwauguza miaka yote. Usiku ule mzee mwenyewe ndo akalianzisha. Tukaanza kuweka kidogo kidogo kwenye akaunti ambayo haiguswi hata kwa harambee ya kanisa, na hati ya nyumba ilipotoka ikatoka kwa majina yetu wote wawili.

Kwa hiyo mdogo wangu, wakati mumeo ana afya na anahubiri vizuri, kaeni chini muulizane. Mchungaji akifariki katiba ya kanisa letu inampa mjane muda gani kwenye nyumba? Pensheni ipo, na michango inapelekwa kweli au inakatwa tu kwenye karatasi? Jina la mrithi aliloandika enzi za ubachelor amelibadilisha? Wosia upo, umeshuhudiwa inavyotakiwa na sheria ya mnapoishi? Kama kanisa halina utaratibu, mumeo alipeleke kwenye baraza kama hoja ya wachungaji wote, siyo ombi lenu binafsi, liandikwe kwenye muhtasari na nakala mkae nayo nyumbani.